Mgonjwa Mwenyewe Aulizwe

Somo: 1 Wafalme 1:1-27



Mfalme Daudi katika uzee wake alishikwa na baridi isiyoondolewa na nguo za kujifunika. Sisi tunaolala hapa Momela, chini ya Mlima Meru, twaijua baridi. Lakini kulikuwa na baya zaidi ya hilo. Yeye akiwa kitandani, mwanawe Adonia alifanya karamu na kujitwalia ufalme, na baba hana habari. Alikuwa hai, ila watu walikwisha kumhesabu na wafu. Ilibidi nabii Nathani amtume Bathsheba aingie chumbani kumwambia.

Je, hayo hayatukii kwetu? Mgonjwa yu ndani, wanawe wako uani. Wanahesabu nauli ya kwenda hospitali mjini, wanahesabu ng'ombe, na pengine hata mpaka wa shamba umekwisha kuzungumzwa. Mmoja asema apelekwe tena, mwingine asema aachwe apumzike. Hakuna aliyeingia kumwuliza mwenyewe. Na sisi tuendao kumzuru twakosa vivyo hivyo: twaimba, twaomba kwa sauti kuu, twanywa chai, twaondoka.

Maaskofu wetu wa ulimwengu mzima, walipokutana Lambeth mwaka 1998, walikataa mgonjwa kuuawa kwa kusudi, hata ikiitwa huruma. Lakini walisema pia kwamba kuacha matibabu yaliyopita kiasi si sawa na kuua. Basi mzee mwenye akili timamu akisema amechoka na safari za hospitali, arudishwe nyumbani, hatendi dhambi, wala wanawe hawamwui. Bali akinyimwa dawa, au chakula anachokitaka, kwa kuwa ameonekana mzigo, hilo ni jambo jingine kabisa. Hata sheria ya nchi yetu humhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyemwua. Na asiyeweza kusema tena, asemewe na mtu asiye na haja na shamba lake.

Wengine huogopa morfini, wakidhani ni dawa ya kummaliza mtu. Sivyo, ikipimwa vema na daktari hutuliza maumivu, mgonjwa akaweza kulala na kuzungumza na wajukuu. Huko Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na wagonjwa wakaanza kuinywa morfini ya maji nyumbani mwao. Karibu nasi, Hospitali ya Selian ya ndugu zetu Walutheri ilianzisha huduma ya kuwafuata wagonjwa wa namna hii hadi majumbani. Mwenye mgonjwa anayeteseka aulizie msaada huo hospitalini mapema, asingoje siku ya mwisho.

Siku moja tulimzuru bibi aliyekuwa amelala miezi mingi. Tulijizuia kuanza wimbo, tukamwuliza, "Bibi, wataka tukufanyie nini?" Wanawe walitazamana, wakidhani atataja hospitali kubwa. Akasema kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni, apate kumwona anayeingia. Tulikigeuza, ndipo tukaimba.