Asubuhi ni ya Kutembea

Wikendi ya Kericho hupangwa kwa kufuata mvua. Agosti, watoto wakiwa likizo, asubuhi mara nyingi ni ya jua. Mvua huja alasiri, kama mgeni anayejulikana saa yake ya kubisha hodi. Msafiri wa Nairobi hupitia Nakuru, kisha Mau Summit, na ni heri afike Ijumaa jioni. Kukipambazuka, wachumaji wa chai wako shambani, vikapu mgongoni, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi. Asubuhi ni ya vijia vya mashambani. Asubuhi ni ya bustani ya miti ya Chagaik. Alasiri ni ya mursik, maziwa ya kugandishwa, na gumzo, mvua ikipiga mabati. Sweta lisisahaulike, baridi ya huko haina utani. Safari ya Bomet, kwa barabara ya Litein, ingoje Jumapili, kabla ya saa sita.