Urithi wa Wote

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikatiwa katika urithi wa dunia. Mgeni huja, hustaajabu, akaenda zake na picha. Mkulima wa Meatu au Bariadi, mkoani Simiyu, hukesha shambani tembo wasimalize mahindi yake. Mgeni hulipa ada. Jirani hulipa usingizi na chakula. Serikali humpa jirani aliyeharibiwa mazao malipo yaitwayo kifuta jasho, wala hayaitwi fidia. Jina hilo lakiri kweli: jasho hufutwa, hasara hubaki. Basi ikiwa uzuri huo ni urithi wa wote, haki yataka na hasara yake iwe ya wote. Arithiye shamba hurithi na magugu yake.