Mabaki ya Anasa ni Amana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, tumezoea kulisikia neno israfu likitajwa kwa khabari ya wali unaomwagwa baada ya karamu. Leo twataka kulitazama katika viwanda vya vitu vya fahari: mikoba ya ngozi, nguo za hariri na mapambo ya thamani ambayo hata watu wa miji yetu huyatamani.

Yasimuliwa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mbuzi aliyekufa, naye alikuwa ni sadaka aliyopewa mjakazi aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna. Akawauliza watu kwa nini hawakuitwaa ngozi yake, wakaitia dabaghi na kunufaika nayo. Walipojibu kuwa yule ni mzoga, akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Tazameni basi! Ikiwa ngozi ya mzoga haikuachwa ipotee bure, itakuwaje hukumu ya kitu kizima, kipya na safi?

Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2018, kampuni ya Burberry ya Uingereza iliharibu bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Hazikuwa mbovu, bali zilikuwa hazikununuliwa. Na kwa nini hazikuuzwa kwa bei nafuu, au kupewa wasio na nguo? Katika biashara ya fahari, kitu kikishuka bei jina nalo hushuka. Basi mali huteketezwa ili jina libaki juu. Watu walipolalamika, kampuni hiyo ilitangaza Septemba 2018 kuwa imeiacha desturi hiyo. Lakini haikuwa desturi ya kampuni moja tu.

Huenda mtu akasema: "Mali ni yake, ana makosa gani?" Twamjibu kuwa Qur'ani, katika Suratul Hadid, yatufundisha kwamba sisi ni mawakili tu katika mali tuliyopewa. Wakili hana ruhusa ya kuitia moto amana ili aonekane mkubwa. Maji, ng'ombe, pamba na jasho la mfanya kazi, vyote vimo katika mkoba ule, na vyote vyaungua pamoja nao.

Serikali za Ulaya zimeliona jambo hili. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 ya kukataza kuharibu bidhaa zisizouzwa, na Umoja wa Ulaya ukatunga yake mwaka 2024, inayozikataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu visivyouzwa kuanzia Julai 2026. Na wako mafundi waliotangulia. Nyumba ya Hermès ilianzisha mwaka 2010 karakana iitwayo petit h, ambamo vipande vya ngozi, hariri na vigae vilivyobaki hufanywa vitu vipya. Maana ngozi ya mnyama ina makovu ya miiba na alama za wadudu, na mshonaji wa mkoba wa bei kubwa huzikata sehemu hizo akaziweka kando. Kovu haliifanyi ngozi kuwa takataka. Kiburi cha mnunuzi ndicho kinachoihukumu hivyo.

Lakini tuangalie sana, kwani si kila kuitwako kutumia tena ni wema. Huko Santa Croce sull'Arno, katika nchi ya Italia, ambako hutengenezwa ngozi za mikoba na viatu vya fahari, wenye viwanda wameshirikiana kusafisha maji machafu na kuitoa kromiamu ya dabaghi ili itumike mara ya pili. Hilo ni jema. Hata hivyo, mwaka 2021 wapelelezi wa serikali walitangaza uchunguzi juu ya majivu ya tope la viwanda hivyo, yaliyochanganywa na vifusi na kutiwa chini ya barabara, yakihofiwa kuwa na sumu. Nasi twajua kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi vipi kuuzika udhia chini ya njia na kuuita faida? Kumtwika jirani taka si kuitengeneza taka.

Mtazameni sonara. Jioni hufagia karakana yake, akayahifadhi mavumbi ili ayayeyushe na kuitoa dhahabu iliyomo. Hufanya hivyo kwa kuwa dhahabu ina bei. Mtihani wa imani uko katika kile kisichokuwa na bei: kipande cha ngozi, maji ya dabaghi, nguo isiyouzika. Anayevichunga hivyo huku hakuna wa kumlipa, huyo ndiye aliyeifahamu amana.

Wala tusiwalaumu watu wa mbali tukajisahau. Moto ule huwashwa na kiburi cha mwenye kununua, naye yuko hata hapa kwetu: yule aonaye haya kuvaa nguo ya harusi mara ya pili, na yule ataka kitu kwa sababu tu jirani hawezi kukipata. Yatupasa tununue kwa haja, tukipe fundi kilichopasuka, na kilichotuzidi tumpe mwenye kuhitaji kingali kizima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mawakili waaminifu. Amin.