Nguvu ya Kitu Laini

Je, nguvu ni lazima iwe ngumu? Misitu ya miombo iizungukayo Songea hulijibu swali hili kila mwaka. Kiangazi kikikolea, ganda la myombo hukauka. Nyuzi zake, zilizolala katika tabaka zenye mielekeo tofauti, hunywea pasipo kulingana. Ganda hujisokota, likapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Hapana msuli wala injini: umbile lenyewe ndilo litendalo kazi.

Wahunzi wetu wa kale nao waliitumia hekima hiyo. Mivukuto yao ya ngozi ya mbuzi ilisukuma upepo, upepo ukauchochea moto, hata chuma kikalainika. Leo wahandisi ulimwenguni huunda mikono ya mashine kwa mpira na hewa, iwezayo kushika yai bila kulivunja.

Basi tusidhani kwamba kukitawala kitu ni kukilazimisha. Fundi mwema huuliza kwanza: kitu hiki chaelekea wapi kwa asili yake? Mwalimu aliye mbele ya kijana hana budi kuuliza vivyo hivyo. Hata chuma hakifuliwi kabla hakijalainika, sembuse mtu?