Vimondo na Amana ya Elimu

Mama mmoja wa mji wetu alikiona kimondo kikipasuka juu ya bahari usiku ule mwanawe aliposafiri. Kulipokucha akenda kwa mpiga ramli, akaambiwa kuwa nyota ya mwanawe imeanguka, wala haitainuka ila kwa mbuzi na fedha. Akatoa vyote viwili. Mwana alifika salama, na mpiga ramli akazidi jina.

Khabari hii imetufanya tujiulize: ajuaye jambo, kisha akanyamaza mpaka mwenziwe akaliwa mali yake, je, ana sehemu katika dhulma hiyo?

Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakisema kuwa kimondo huanguka kwa kuzaliwa au kufa mtu mkubwa. Mtume (s.a.w.) aliwabainishia masahaba zake kuwa sivyo, hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Ama kupigwa kwa mashetani, hayo ni katika mambo ya ghaibu. Twayaamini kama yalivyokuja, wala hatuyapimi kwa vioo.

Hata hivyo dhana ile haikufa. Mwaka 902, yaani 289 H., nyota zilimiminika usiku mmoja, na baadhi ya waandishi wa Kiarabu wakaufunga usiku huo na kifo cha Ibrahim bin Ahmad, amiri wa Ifriqiya katika ukoo wa Aghlabi. Walikosea sababu, lakini walichokiona walikiandika. Miaka 931 baadaye, Novemba 1833, mvua kama hiyo ilionekana Marekani, na Denison Olmsted, mwalimu wa Yale, akaomba kwa njia ya magazeti kila aliyeiona alete khabari. Ikabainika kuwa vimondo vile vyote vilikuwa kama vyatoka mahali pamoja mbinguni, katika buruji ya Asadi, yaani Simba. Kisha Hubert Newton akayakusanya maandishi ya kale, na hayo ya 902 yakiwamo, akaona kuwa mvua hiyo hurejea kila miaka 33 na kitu, akatangaza kuwa itakuja Novemba 1866. Ikaja, na watu wa Ulaya wakaiona.

Tazameni basi: maneno ya aliyedhani kuwa nyota zamlilia mfalme yamekuwa ushahidi wa kuibatilisha dhana yake mwenyewe, kwa kuwa hayakufungiwa sandukuni.

Leo kazi hiyo hufanywa kwa kamera. Kimondo kikionekana na wawili walio mbalimbali, mathalan mmoja Mombasa na mmoja Malindi, hesabu ya pembe hutoa kimo chake, nacho aghalabu ni baina ya kilomita 80 na 120. Na kwa kujua mwendo wake hujulikana njia kilichokuwa kikiifuata katika kulizunguka jua. Mmoja peke yake hawezi. Mtandao uitwao Global Meteor Network, wenye kamera katika nchi nyingi, na nyingi katika hizo ni za watu wa kawaida tu, huviweka vipimo vyake kwenye intaneti bila ya malipo. Sharti lao ni kuwa mwenye kuvitumia ataje alikovipata. Sisi tuliolelewa juu ya isnadi sharti hilo si geni kwetu.

Wako wasemao kuwa elimu ikitolewa kwa kila mtu huharibiwa na wajinga. Neno hili lina ukweli wake. Si kila mas'ala ni ya kusomwa barazani. Lakini kosa lililo wazi hupata wa kulisahihisha, na lililofichwa hurithiwa. Ni masanduku mangapi katika pwani hii yenye vitabu vya falaki ambavyo wenyewe hawavisomi, wala hawamwazimi mtu, mpaka vikaliwa na mchwa!

Na yule mama? Hadithi tuliyoitaja husomwa katika mtaa wake, nasi tulikuwapo iliposomwa. Ilisomwa kwa Kiarabu, haikufasiriwa, kwani mpiga ramli ni jirani, na jirani hustahiwa. Mbuzi ameliwa. Fedha tumekubaliana kumrudishia kwa mchango wetu sisi tulionyamaza, na darsa ya Alkhamisi ijayo itasomwa kwa Kiswahili.