Masafa Pori

Meseji ya kwanza ilisema Babu kazidiwa. Ya pili ilisema nimpigie Baba. Ya tatu ilikuwa neno moja tu: njoo. Ya nne ilisema Babu ametutoka, tunazika baada ya adhuhuri. Zote nne ziliingia kwa mkupuo, saa nne na nusu asubuhi, nikiwa maktaba ya chuo jijini Dar es Salaam, nimefungua kitabu kwenye sura inayoeleza namna mawimbi ya redio yanavyosafiri.

Shangazi alikuwa ameziandika moja moja tangu usiku wa manane, na kila mara simu ikamjibu kwamba ujumbe haujatumwa. Kijijini kwetu, wilaya ya Muheza, mtandao unashika chini ya mwembe mmoja ulioko juu ya kilima. Usiku ule mvua ilinyesha bila kukata, njia ikawa utelezi, hata kijana wa bodaboda alikataa kupanda. Mvua ilipokatika asubuhi ndipo Shangazi alipopanda kwa miguu, akasimama chini ya mwembe na kuzituma tena zote kwa mpangilio ule ule. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakutuma ya mwisho tu. Akasema hakutaka nianze na ya mwisho.

Basi la Muheza huchukua saa sita hivi ukiwa na bahati. Nilifika magharibi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi na watu walikuwa wanakunja mikeka.

Sidai kwamba mnara wa simu ungemwongezea Babu siku. Alikuwa mzee na moyo wake umechoka. Ninachodai ni kidogo zaidi: tangu usiku wa manane hadi alipokata roho, kulikuwa na muda ambao ningeweza kumsikia, au yeye kunisikia. Muda huo haukuchukuliwa na ugonjwa. Nimekuwa nikijiuliza ulichukuliwa na nani, na swali hilo limenipeleka mahali ambapo shahada yangu ya uzamili katika uhandisi wa mawasiliano haikuniandaa kwenda.

Darasani tunafundishwa kwamba masafa ya redio ni rasilimali adimu. Hewa haina uzio, kwa hiyo hugawanywa kwa namba: redio hapa, ndege pale, simu huku. Wawili wakirusha mawimbi kwenye namba moja na mahali pamoja, wanavurugana. Ndiyo maana kuna leseni, na ndiyo maana kuna minada. Na namba hizo hazilingani thamani. Mawimbi ya megahezi 700 husafiri mbali na kupenya kuta kuliko ya megahezi 2,600, kwa hiyo mnara mmoja huhudumia eneo kubwa zaidi. Ukiambiwa uchague masafa kwa ajili ya vijiji vilivyotawanyika, hayo ndiyo utakayoyakimbilia.

Babu aliyajua masafa hayo kabla yangu, ingawa hakuyajua kwa jina. Alikuwa na televisheni ndogo aliyoiwasha kwa betri ya gari, antena yake ikiwa juu ya mti mrefu aliousimika mwenyewe. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata. Televisheni ya Babu ikabaki na chenga. King'amuzi hakununua; televisheni ikageuka meza ya kuwekea Kurani na miwani. Sababu za kuhama zilikuwa nzuri, mimi mwenyewe ningezitetea mbele ya mtahini: dijitali hubana chaneli nyingi mahali padogo, na nafasi inayobaki wazi hupewa mawasiliano ya simu na intaneti. Sehemu ya nafasi hiyo ndiyo megahezi 700. Juni 2018 TCRA iliipiga mnada, kampuni mbili zikashinda, kila moja kwa takriban dola milioni 10. Mnada mwingine wa masafa wa Oktoba 2022 uliingiza takriban dola milioni 187.

Kwa hiyo hewa ilihamishwa kutoka kwa Babu, ikauzwa, na fedha zikaingia hazina. Yote halali.

Siku ya arobaini nilirudi kijijini na kifaa kidogo, kama flashi, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuonyesha kinachoruka hewani. Nilikaa chini ya mwembe. Kwenye masafa ya zamani ya simu kulikuwa na vilima viwili vitatu dhaifu, vya minara ya mbali. Nikasogea kwenye megahezi 758 hadi 803, ambako minara ya megahezi 700 huzungumzia na simu. Kioo kilionyesha mstari mfupi, sawasawa, kama nyasi zilizofyekwa. Nilingoja nusu saa nikidhani nimekosea kuseti. Sikuwa nimekosea.

Adimu kwa nani, basi? Kariakoo masafa ni adimu kweli, watu wanagombania kila chembe. Chini ya mwembe yako tele, na yamelala. Leseni ni ya nchi nzima, lakini uhaba ni wa mahali.

Watu wa Muheza hawahitaji mwanafalsafa kuwaeleza jambo hili, kwa sababu wameishi kando ya mashamba ya mkonge. Kuna wakati bei ya mkonge ilianguka, wenye hati wakaondoka, katani ikamezwa na vichaka. Mwananchi mwenye nusu eka anatazama mamia ya ekari za vichaka zenye mwenyewe asiyeonekana. Tunayaita mashamba pori. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ameishika kama mdhamini. Mwenye hati ana masharti ya kuendeleza, na akiyavunja hati yake inaweza kufutwa. Hufutwa polepole mno, najua, lakini angalau neno lipo, na mtu akilitamka kwenye mkutano wa kijiji kila mmoja anaelewa dhuluma iliyomo. Fiqhi nayo ina mlango mzima wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Anayeilima ardhi isiyo na mwenyewe huwa yake. Anayeizungushia mawe tu hajaihuisha, na kuna kauli mashuhuri inayonasibishwa na Khalifa Umar kwamba baada ya miaka mitatu haki ya mwenye mawe inaondoka.

Nikamwendea rafiki yangu anayefanya kazi ya kupanga minara kwenye kampuni moja ya simu, nikamsomea hoja yangu ya masafa pori kwa hasira. Akanisikiliza, kisha akasema, "Ndugu yangu, hata ukinipa masafa bure leo, siji kwenu." Akanihesabia: chuma cha mnara, barabara ya kukifikisha, sola au dizeli, mlinzi, kiungo cha kurudisha mawasiliano mjini. Halafu wateja wanaonunua bando la shilingi 500 na kulitumia kwa wiki nzima. Hakuna anayewaficha masafa, alisema. Hesabu zimekataa tu.

Nilikubali, na bado nakubali. Serikali nayo imekubali kwa vitendo: Mei 2023 ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwa ruzuku katika kata 713. Mmoja ulisimama kata ya jirani, mawimbi yake yakaishia mgongoni mwa kilima chetu. Lakini nilipokuwa nashuka ngazi za ofisi yao niligundua kwamba jibu lake linaeleza kwa nini wao hawaji. Halielezi kwa nini mwingine asije. Kama shamba halikulipi, sababu ya kunizuia kupanda kunde humo ni ipi?

Sababu ipo, na haipendezi: kitu kinaweza kulala huku bei yake ikipanda. Marekani kuna kampuni iitwayo EchoStar, mmiliki wa Dish, iliyokusanya masafa kwa zaidi ya muongo mmoja. Ilijenga mtandao, ndiyo, lakini mwaka 2025 wasimamizi walihoji kama inayatumia inavyopasa, na miezi michache baadaye ikakubali kuiuzia AT&T sehemu yake kwa takriban dola bilioni 23, na nyingine SpaceX kwa takriban bilioni 17. Hata masharti ya kusambaza huduma, mahali yalipo, mara nyingi hupimwa kwa asilimia ya watu. Kampuni inaweza kufaulu vizuri kabisa kwa kuhudumia miji na barabara kuu. Sisi ndio asilimia inayobaki.

Mfano wa shamba unanifaa hadi hapo, kisha unavunjika, na unapovunjika ndipo hasira yangu inapozidi. Shamba likilala mwaka mmoja udongo unapumzika na rutuba inarudi. Hewa hairudishi kitu. Kuitumia hakuichoshi, na kuiacha hakuiwekei akiba. Usiku ule masafa yalilala juu ya paa la Babu tangu saa sita hadi asubuhi, na hakuna mtu popote, hata mwenye leseni, aliyetajirika kwa kulala kwake.

Wapo wanaojaribu njia nyingine. Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa jamii umejaribu kutumia nafasi zilizo wazi katikati ya chaneli za televisheni, kwa sharti la kutomwingilia mwenye chaneli. Nilipomweleza Bibi mpango huo hakushangaa hata kidogo. Alikuwa amekaa ukumbini anapukuchua kunde, na muda mfupi kabla yangu jirani alikuwa amekuja kuomba sehemu ya shamba ambayo Babu hakuwahi kuilima miaka ya mwisho. Bibi alimpa. Alimwambia alime mahindi, alime kunde, akitaka apande na mihogo, lakini asipande mnazi wala mwembe. Mti ni madai. Mazao ya msimu ni shibe, na wenyewe wakirudi watakuta ardhi iko pale pale.

"Sasa nyie mnaosomea hewa," akaniuliza, "mwenyewe mmemwomba?"

Nikamwambia haiko hivyo, Bibi. Kurusha mawimbi kwenye masafa ya mtu bila leseni ni kosa.

"Hata kama ni pori, mume wangu?"

"Hata kama ni pori."

Akanisogezea ungo, tukaendelea kupukuchua.