Malaika hakuulizwa

Harusi nyingi hapa Kitendaguro, kama kwingineko Tanzania, hazimaliziki bila "Malaika". Ajabu ni kwamba wimbo huo unahusu ndoa isiyofungwa: kijana anapenda, hana mali, basi. Mtunzi ni nani, Mkenya Fadhili William aliyeurekodi au Mtanzania Adam Salim, ubishi haujaisha. Mimi nabishana na huyo kijana.

Sauti ya wimbo inamtetea. Haina haraka wala hasira. Kila beti inafuata mahadhi yaleyale na kuishia kwenye nia ileile ya kuoa, yenye "-nge-" ndani yake. Wimbo hausongi mbele, unazunguka, kama mtu anayehesabu fedha zilezile akitumaini zitaongezeka. Msikilizaji anamhurumia kabla hajafikiri.

Tukifikiri je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai hiari ya wote wawili, na haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikutolewa. Kinachomzuia kijana, basi, ni mila na aibu. Siyadharau hayo. Mahari ni heshima baina ya koo mbili, na anayekataa kumwingiza mpenzi wake kwenye dhiki huenda anampenda kweli. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye madeni kuliko mali, kwa hiyo namwelewa vizuri mno.

Lakini katika wimbo mzima msichana anaitwa, anasifiwa, anafananishwa na ndege mdogo, ila haulizwi neno. Umaskini ungekuwa wa wote wawili, uamuzi umekuwa wa mmoja. Kumwamulia mtu unayempenda, hata kwa huruma, ni kumnyima nafasi ya kuwa mtu mzima mbele yako.

Mwaka 1965 "Malaika" ilitoka kwenye albamu ya Miriam Makeba na Harry Belafonte. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba, kwa kuimba kitenzi cha mwanamume, anatufanya tusikie upande uliokosekana: huenda naye malaika alikuwa na la kusema kuhusu ufukara, na huenda lilikuwa "twende hivyohivyo". Au "hapana", nalo ni jibu lake.

Kukosa mali si kosa. Kosa ni kumjibia mwenzako, kisha ukalia kana kwamba ni yeye aliyekukataa.